Bei ya Besi

Mwaka 1946, katika mji mdogo wa Hope jimboni Arkansas, mhandisi Paul Klipsch alianza kuuza spika yenye ukubwa wa kabati la nguo. Spika hiyo haikai popote unapopenda. Inasimama kwenye kona tu, kwa sababu kuta mbili za chumba ni sehemu ya mashine: ndani ya kasha mna njia ya hewa iliyokunjwa-kunjwa, inayozidi kupanuka hadi inatokea ukutani, na ukuta unamalizia kazi ya mdomo wa tarumbeta. Ukiipa wati moja inatoa takriban desibeli 105 umbali wa mita moja. Kwa wati moja, huo ni ukelele.

Nimemsoma sana Klipsch tangu niliporithi santuri za marehemu baba mdogo, rumba ya Kinshasa kwa wingi na taarabu kidogo, pamoja na amplifaya yake ya wati 20 kila upande. Spika zake ziliishia kwa mchwa. Nina akiba ya miezi minane na chumba cha mita 4 kwa 3 Sinza, na kila muuzaji Kariakoo ananiambia neno lilelile: "Kaka, chukua sabufa tu." Sabufa ya dukani naijua, jirani anayo. Inatoa kishindo, lakini huwezi kufuata vidole vya mpiga besi ndani yake, na katika rumba vidole hivyo ndivyo vinavyoubeba wimbo.

Waya mnene kuliko zote wa gitaa la besi hutoa hezi 41 hivi. Wimbi lake hewani lina urefu wa zaidi ya mita 8, mara mbili ya urefu wa chumba changu. Ili kulitoa, koni ya spika inabidi isukume hewa nyingi. Na inaposukuma mbele, nyuma yake inavuta, kwa hiyo bila kasha sauti hizo mbili zinauana. Tatizo ni kwamba hewa iliyofungwa ndani ya kasha ni springi. Kasha likiwa dogo, springi inakuwa ngumu na besi inakauka. Ndiyo maana enzi zile mtu aliyetaka besi alinunua kabati.

Edgar Villchur, mwalimu wa New York, aliligeuza tatizo. Aliilegeza koni kabisa, akaiachia hewa ya ndani ndiyo iwe springi, maana hewa hurudi kwa usawa kuliko kitambaa au karatasi. Ukingo wa koni ya majaribio ulitengenezwa na mkewe, Rosemary, kwa kitambaa cha magodoro. Kampuni alizozifuata zilimkatalia. Mwaka 1954 yeye na mwanafunzi wake Henry Kloss wakaanzisha Acoustic Research mjini Cambridge, Massachusetts, na spika yao, AR-1, ikakaa kwenye rafu ya vitabu huku ikishuka chini kuliko makabati mengi.

Miaka minne baadaye santuri za stereo zikaingia sokoni, na kila nyumba ikahitaji spika mbili. Nadhani hilo ndilo lililowapa ushindi wenye makasha madogo, kuliko ubora wa sauti wenyewe. Nani ana kona mbili tupu sebuleni?

Ila deni halikufutwa. J. Anton Hofmann, mmoja wa watatu walioanzisha kampuni ya KLH pamoja na Kloss, ndiye anayehusishwa na kanuni inayoitwa sheria ya chuma: besi ya chini, sauti kubwa kwa wati chache, kasha dogo, chagua mawili. Ukitaka kushuka oktava moja bila kuongeza wati, kasha linatakiwa kukua mara nane. Villchur alilipa kwa wati, Klipsch kwa sakafu.

Spika ndefu za leo ni mapatano kati yao. Hesabu za Neville Thiele, aliyezichapisha Australia mwaka 1961, na za Richard Small baada yake, ziliwawezesha mafundi kupanga mapema ukubwa wa kasha na wa tundu lake badala ya kubahatisha. Ujazo ukafichwa kwenye urefu: uso mwembamba, kimo cha mita moja, na sakafuni nafasi ileile ambayo spika ndogo ingechukua ikiwa juu ya stendi yake.

Kwa hiyo mimi ninalipa kwa nini? Wati ninazo 20. Spika ya desibeli 91 inazifanya ziwe sawa na wati 80 kwenye spika ya 85, na kwangu hilo limefuta spika zote ndogo nilizoonyeshwa. Upande wa pili, chumba cha mita 4 kinavuma chenyewe karibu na hezi 43, jirani kabisa na ile noti ya chini ya besi, na spika yenye koni kubwa mno ingekifanya kiimbe noti moja usiku kucha. Mwenye nyumba analala ukuta wa pili.

Nimechagua ndefu za wastani: koni mbili za inchi 6 kila moja, na tundu liwe mbele, kwa sababu nyuma sina nafasi ya kutosha. Zitasimama nusu mita kutoka ukutani. Kochi limeshatoka, liko kwa dada yangu, Tabata.