Mwanambuzi wa Monterrey na ugomvi wa asili yake

Ifikapo 20 Septemba, Monterrey, jiji la viwanda kaskazini mwa Meksiko, hukumbuka kuasisiwa kwake na Diego de Montemayor mwaka 1596. Majaribio mawili ya kabla yake, la 1577 na la 1582, yalikufa. Penye kumbukumbu hiyo hapakosi cabrito, mwanambuzi wa kuchoma, na penye cabrito hapakosi wa kuuliza: kitoweo hiki kilitoka kwa nani?

Jibu linalopendwa ni la Wayahudi wa siri. Luis de Carvajal, mzaliwa wa Ureno, alipewa na Mfalme Felipe wa Pili mwaka 1579 kibali cha kulitawala eneo hili, akaja na ndugu zake. Kitabu cha Alfonso Toro cha 1944 kinaisimulia familia hiyo kwa kirefu. Gavana alitiwa mbaroni kwa kutowashtaki jamaa zake walioshika dini ya Kiyahudi, akafia gerezani. Mpwa wake, aliyeitwa pia Luis, aliuawa jijini Mexico tarehe 8 Desemba 1596 pamoja na mama yake na dada zake watatu. Monterrey haikuwa imetimiza hata miezi mitatu.

Ni kisa cha kutoa machozi. Lakini kutoka hapo hadi mezani pana pengo. Wanaotetea hoja hiyo husema: watu hawa hawakula nguruwe, wakamgeukia mbuzi. Basi na waeleze fritada, mchuzi ambao watu wa Nuevo León, jimbo la Monterrey, humpikia mwanambuzi katika damu yake mwenyewe, ilhali damu ni haramu kwa Myahudi. Binafsi naona hoja inaanguka papo hapo.

Jiko lenyewe halina siri. Mnyama ni wa siku 30 hadi 40, hajaonja jani, ni maziwa tu. Hupasuliwa kifuani, akatandazwa na kuchomekwa kwenye chuma, na chuma hicho kikasimamishwa ardhini kikiinamia makaa ya mti wa mesquite, jamaa wa ule mathenge ambao wafugaji wa Baringo, Kenya, wanaulaumu kwa kuwaozesha mbuzi meno. Chumvi basi. Hakai juu ya moto, hukaa pembeni, upande wa mbavu ukitangulia kuelekea makaa, na baada ya saa mbili tatu ngozi inakauka na kulia ukiigonga kwa kisu. Wageni hugombea riñonada, kipande chenye figo na mafuta yake. Matumbo na maini husokotwa yakawa machitos, nayo tortila za ngano hazikosekani.

Siku hizi mikahawa imekichukua kitoweo, na nyumbani wengi humtia mbuzi kwenye oveni ya gesi. Hilo lina watu wa kulilalamikia. Mfugaji wa Doctor Arroyo au Mier y Noriega, kusini mwa jimbo, hana lalamiko. Yeye ndiye mwenye jibu la swali la asili. Nchi ni kame, malisho ni haba, na beberu mdogo akiachwa akue atakula kile ambacho mama yake angekigeuza maziwa. Akichinjwa mapema, maziwa yanakwenda kwenye jibini na kwenye peremende za mji wa Linares, na nyama inakwenda mjini.