Kutoka Kutunza Hadi Kutunga: Kazi ya Msimamizi wa Maonyesho ya Sanaa

Watu wengi humdhania msimamizi wa maonyesho ya sanaa kuwa ni bawabu mwenye elimu: hufungua jumba, hupangusa vumbi na kuandika daftari. Dhana hiyo ina asili yake, kwani katika lugha za Ulaya jina la kazi hiyo latokana na neno la Kilatini lenye maana ya kutunza. Lakini katika sanaa ya siku hizi kazi imevuka kutunza, imekuwa kutunga. Kama mtunga shanga, msimamizi huchagua ipi iingie uzini, ipi iachwe na ipi ikae kando ya ipi. Na ushanga ule ule, ukibadilishiwa jirani, huonekana mwingine.

Tumtazame Okwui Enwezor (1963–2019), mzaliwa wa Calabar, Nijeria. Alisomea siasa Marekani, akatunga mashairi, kisha mwaka 1994 akaanzisha pamoja na wenzake jarida la sanaa la Nka. Mwaka 1998 aliteuliwa kuongoza Documenta, maonyesho ya siku 100 yaliyoanzishwa mwaka 1955 mjini Kassel, Ujerumani. Kabla yake hakuna asiyekuwa Mzungu aliyepewa dhamana hiyo.

Enwezor hakuanza kwa kutundika picha. Alitangulia kuitisha mijadala Vienna, Berlin, New Delhi, kisiwani Saint Lucia na Lagos, juu ya demokrasia, haki, mchanganyiko wa tamaduni, na miji minne ya Afrika, Kinshasa ukiwa mmojawapo. Ndipo Juni 2002 milango ya Kassel ikafunguliwa. Humo, miji ya karatasi na kadibodi iliyoundwa na Bodys Isek Kingelez wa Kongo ilikaa pamoja na kazi za wasanii wa Ulaya na Marekani.

Uzito wa jambo hili ni upi? Kwa miaka mingi kazi ya mikono ya Mwafrika ilipelekwa katika vyumba vya mila za makabila, aghalabu bila jina la aliyeitengeneza. Kuihamisha chumba ni kumrudishia msanii jina na fikra zake.

Nasi walimu, tunapochagua mashairi ya kusomesha darasani, twafanya kazi iyo hiyo. Basi hatuna budi kujiuliza ni nani tuliyemwacha nje ya uzi, na kwa sababu gani.