Rangi ya Moto na Vipimo vya Berlin

Karne nyingi kabla ya kupatikana kipimajoto kinachohimili tanuri, wahunzi walipima moto kwa macho. Chuma huanza kwa wekundu uliofifia, kikaingia rangi ya chungwa, kisha manjano, na mwisho hukaribia weupe. Mwaka 1792 Mwingereza Thomas Wedgwood, mwana wa mfinyanzi maarufu Josiah, alieleza kwamba vitu vya aina mbalimbali huwa vyekundu katika halijoto ileile. John William Draper wa New York aliikadiria mwaka 1847 kuwa nyuzi 525 hivi za Selsiasi.

Jicho, hata hivyo, ni shahidi pungufu: mnururisho mwingi wa chuma hicho ni wa infraredi, usioonekana. Katika miaka ya 1880 Mmarekani Samuel Langley aliupima kwa bolometa, yenye ukanda mwembamba wa metali ambao ukinzani wake wa umeme hubadilika ukipigwa na miale. Ilidhihirika kwamba mnururisho una kilele, nacho husogea kwenye mawimbi mafupi kadiri joto linavyopanda.

Kanuni ya msogeo huo ilitoka Charlottenburg, kando ya Berlin, kwenye taasisi ya vipimo ya serikali iliyoanzishwa mwaka 1887. Biashara ya taa ilichangia: gesi na umeme vilikuwa vikishindana, na viwanda vilihitaji kipimo cha mwanga cha kuaminika. Mwaka 1893 Wilhelm Wien alionyesha kwamba urefu wa wimbi la kilele, ukizidishwa kwa halijoto katika kelvin, hutoa jibu lisilobadilika. Kwa vipimo vya sasa jibu hilo ni 2,898, urefu ukiwa katika maikromita. Jua, lenye kelvin 5,772 usoni, lina kilele cha maikromita 0.5, ndani kabisa ya nuru inayoonekana. Waya wa balbu ya zamani, wenye kelvin 2,800 hivi, una kilele kinachozidi maikromita 1 kidogo, kwenye infraredi. Kwa kweli balbu hiyo ni jiko linalotoa mwanga kidogo.

Otto Lummer na Ernst Pringsheim walithibitisha kanuni hiyo kwa kupima miale iliyotoka kwenye kitundu cha chombo chenye uwazi ndani, kilichopashwa moto. Vipimo hivyohivyo viliiangusha fomula nyingine ya Wien, ya mwaka 1896, iliyokusudia kueleza mnururisho wote: kwenye mawimbi marefu haikulingana. Oktoba 1900 Max Planck alitoa fomula iliyolingana kote, na kanuni ya kilele ikapatikana ndani yake. Wien alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1911.