Tulimcheka Jar Jar, Tukasahau Kulikuwa na Mtu Ndani

Wacha nianze na kosa langu, ndio usiseme nimekuja kukuhubiria.

Mwaka jana niliposti vidio ya dakika sita nikimchoma Jar Jar Binks, yule kiumbe wa Star Wars mwenye masikio marefu na mdomo usiotulia. Niliiga sauti yake, nikaiga anavyotembea. Manze, ile vidio ilienda! Kabla ya hapo nilikuwa nimetengeneza vidio kama kumi na tano nikisifu sinema ninazozipenda, na hakuna hata moja iliyofika nusu yake. Nikajiambia, sawa, sasa nimejua pesa iko wapi. Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliponishinda, kwa hivyo kwangu hii kazi si mchezo. Ndiyo inalipa nyumba.

Halafu mtu mmoja akaandika hapo chini, bila tusi: "Unamjua aliyekuwa ndani yake?"

Sikuwa namjua. Nikaanza kusoma, na usiku huo sikulala mapema.

Anaitwa Ahmed Best. Ni Mmarekani mweusi, na kabla ya Star Wars alikuwa kwenye Stomp, lile onyesho la jukwaani ambapo watu wanapiga midundo kwa mifagio na mapipa ya taka. Huko ndiko alikoonekana, akachukuliwa na watu wa George Lucas. Kazi aliyopewa ilikuwa karibu mpya kabisa duniani. Anacheza mbele ya kamera na waigizaji wenzake, halafu kompyuta inaweka mwili mwingine juu ya miondoko yake. Leo tunaona ni kawaida. Lupita wetu alipocheza Maz Kanata mwaka 2015, alifanya kazi ya namna hiyo hiyo, na Wakenya tukatamba mtaa mzima. Lakini Ahmed Best ni mmoja wa waliofungua hiyo njia, na sinema ilipotoka alikuwa na miaka 25 tu.

Sasa elewa wakati wenyewe. Star Wars ya kwanza ilitoka 1977, ya tatu 1983, halafu kimya cha miaka 16. Watoto waliozipenda wakakua, wakaajiriwa, wakaota ndevu. The Phantom Menace ilipokaribia, Mei 1999, kuna mashabiki waliopiga foleni wiki kadhaa nje ya ukumbi wa sinema Los Angeles. Hao watu walienda kutafuta utoto wao. Wakamkuta Jar Jar akikanyaga mavi ya mnyama.

Wakawaka. Na hapo ndipo wengi wetu tunakosea tukidhani chuki ya mashabiki imeletwa na hizi simu. 1999 hakukuwa na Facebook, YouTube wala TikTok, lakini tayari kulikuwa na kurasa za intaneti zilizofunguliwa kwa kazi moja tu: kumchukia Jar Jar. Shabiki mmoja alikata sinema upya nyumbani kwake, akapunguza sehemu za Jar Jar, na kanda ikazunguka mkono kwa mkono. Mwaka 2000 Ahmed Best akapewa ile tuzo ya kejeli ya Razzie, ya mwigizaji msaidizi mbovu zaidi.

Kuna waandishi waliosema kitu kizito zaidi, kwamba Jar Jar anafanana na vikaragosi vya kibaguzi vya kuwadhihaki watu weusi. Hiyo ni hoja, na ina haki ya kujadiliwa. Lakini mhusika hakutungwa na Ahmed. Aliyetunga ni Lucas, ambaye tayari alikuwa na jina na mabilioni. Aliyeumia ni kijana aliyekuwa akitafuta jina. Sinema ya pili, 2002, Jar Jar akapunguzwa. Ya tatu, 2005, karibu hayupo.

Ahmed alikaa na hayo miaka karibu 20. Julai 2018 aliweka picha akiwa na mwanawe mdogo kwenye daraja la Brooklyn, New York, akaeleza kwamba baada ya yale matusi alifika pale akiwa amekaribia kukatisha maisha yake. Mtoto aliyesimama naye, akasema, ndiye zawadi ya kubaki hai.

Nikasoma hiyo, halafu nikaiangalia vidio yangu, mimi nikitembea kama yeye na watu wakicheka. Nikaifuta. Sitaki sifa kwa hilo. Ilikuwa imeshanilipa.

Usidhani hii tabia ilianza hata 1999. Desemba 1893 Arthur Conan Doyle alimuua Sherlock Holmes kwenye hadithi, kwa sababu alichoka naye na alitaka kuandika mambo mengine. Wasomaji London wakampelekea barua za hasira, na wengi wakaacha kununua lile jarida. Kalamu na stempu, hakuna bando! Miaka kumi baadaye, 1903, akamfufua Holmes. Kwa hivyo shabiki kuona kazi ni mali yake na mtunzi ni kibarua wake, hiyo ni ya zamani. Kilichobadilika ni umbali. Barua ilichukua muda, na hasira ilikuwa na nafasi ya kupoa njiani. Leo unatukana ukiwa kwenye matatu, na kabla hujashuka mwenyewe ameshasoma.

Muulize Kelly Marie Tran. Desemba 2017 alionekana kama Rose kwenye The Last Jedi. Wazazi wake walitoka Vietnam, na alikuwa mwanamke wa kwanza wa asili ya Asia kupewa nafasi kubwa kwenye Star Wars. Alitukanwa rangi yake na mwili wake mpaka Juni 2018 akafuta kila kitu kwenye Instagram. Agosti akaandika kwenye New York Times kwamba kilichomuumiza zaidi ni kuwa alianza kuyaamini hayo maneno.

Hiyo imenigusa kwa sababu nyingine. Kwenye grupu letu la mashabiki kulikuwa na msichana, alikuwa bado shule ya upili, aliyechora Rose kwa kalamu ya risasi akatuonyesha. Tulimcheka mpaka usiku. Mimi niliweka zile nyuso za kulia kwa kicheko, tatu. Asubuhi alikuwa ametoka, na hajarudi.

Lakini hadithi ya Ahmed haikuishia darajani. Aprili 2019, kwenye kongamano la Star Wars huko Chicago la kuadhimisha miaka 20 ya ile sinema, alipanda jukwaani na ukumbi ukasimama kumpigia makofi, makofi yasiyoisha. Wengi walikuwa watu waliokuwa watoto mwaka 1999. Walimpenda Jar Jar tangu siku ya kwanza, ila mtoto wa miaka saba hakuwa na ukurasa wa intaneti. Na Machi 2023, kwenye The Mandalorian, Ahmed akarudi kama Jedi, akimwokoa Grogu. Mashabiki wakalia.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu. Waliopiga kelele 1999 hawakuwa mashabiki wote. Walikuwa wale wenye sauti. Wenye upendo walikuwepo, ila walinyamaza, na kunyamaza kwao kulikaribia kugharimu uhai wa mtu.

Kwa hivyo mimi sasa nafanya hivi. Sinema mbaya bado nitasema ni mbaya, lakini nitaishambulia kazi, na mwili wa mtu au rangi yake nitaviacha. Grupu likigeuka jalala, natoka, sisubiri libadilike. Na nikipenda kitu, naandika hapo hapo, hata kama hakuna atakayelaiki. Na kama wewe ndiye unayetukanwa na umeanza kuyaamini, zima simu na ukamwambie mtu wa karibu leo, si kesho.

Vidio zangu za kusifu bado hazifiki mbali. Nyumba nimelipa kwa kuchelewa mara mbili. Lakini yule msichana wa mchoro, nimemtumia ujumbe wa kuomba msamaha. Tiki bado ni moja.