Daftari la Ada na Chupa ya Mijusi: Chama Kilichozaa Makumbusho ya Nairobi

Tarehe 22 Septemba 2030 jengo la makumbusho lililo juu ya kilima jijini Nairobi litatimiza miaka 100 tangu kufunguliwa, na hapana shaka hotuba zitakuwa nyingi. Lakini sisi tukaao huku Njukini, chini ya Kilimanjaro na jirani na Ziwa Chala, twapenda kukumbusha mapema kwamba kabla ya jengo palikuwa na chama, na kabla ya chama palikuwa na wageni waliopita kwetu na nyavu na chupa, wakaondoka na viumbe vyetu. Perege wa Chala alipewa jina lake la kitaalamu mwaka 1889, nalo ni la mwindaji mmoja aitwaye Hunter. Hakuna mwenyeji aliyepata hata herufi moja ya jina hilo.

Chama chenyewe, Jumuiya ya Elimu ya Viumbe ya Afrika ya Mashariki na Uganda, kiliasisiwa mwaka 1909. Miongoni mwa waasisi walikuwamo Frederick Jackson, mtawala aliyeshughulishwa mno na ndege, C. W. Hobley na John Ainsworth, makasisi wawili wa misheni ya CMS, Harry Leakey na Kenneth St. Aubyn Rogers, huyu wa pili akiwa hodari wa vipepeo, bwana Sergeant wa Hazina, na tajiri Allidina Visram aliyetandaza maduka kutoka pwani hadi Uganda. Kuwaona mtu wa Hazina na mfanyabiashara katika orodha hiyo hakunishangazi, kwani ilimu ya namna hii haiendi kwa hamu peke yake: ada lazima zikusanywe, mpiga chapa wa jarida lililoanza mwaka 1910 alipwe, ngozi za ndege zipakwe dawa ya sumu zisiliwe na wadudu, na spiriti iongezwe chupani kila inapopungua. Kazi zote hizo zilifanywa na watu wenye ajira nyingine, katika saa zao za faragha.

Mwaka 1914 ndipo wakapata mtunzaji wa kwanza wa makumbusho yao aliyelipwa mshahara, kijana Arthur Loveridge, mpenzi wa nyoka na mijusi, na hata kabla hajatulia kitini vita vikazuka. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule Wajerumani wakavuka mpaka wakaitwaa Taveta yetu, wakaishika hadi Machi 1916, baada ya Waingereza kupigwa vibaya kilimani Salaita mwezi wa Februari. Loveridge naye akaingia katika kikosi cha wapanda farasi. Lakini mtu aliyezoea kupekua chini ya mawe haachi kwa sababu anapigiwa risasi, na ushahidi ni kwamba mwaka 1920 jarida la chama lilichapisha maelezo yake juu ya mijusi aliowakusanya baina ya 1915 na 1919. Wengine walirudi vitani na nishani, yeye akarudi na mijusi, nami kwa maoni yangu aliyefaidi zaidi ni yeye.

Mwaka 1922 makumbusho ya chama yakahamia jengo kubwa zaidi, pale ilipo leo hoteli ya Serena, kisha kilimani mwaka 1930, yakapewa jina la Gavana Coryndon aliyekwisha kufariki mwaka 1925. Baada ya uhuru jina hilo likaondolewa. Chama kingali hai, kwa jina la Nature Kenya, na wanachama wake hutoka Jumatano asubuhi kutazama ndege.

Perege wa Chala, kwa upande wake, yumo leo katika orodha ya viumbe vilivyo karibu mno kutoweka duniani, na ni wachache hapa kwetu waliopata kuambiwa habari hiyo. Basi waandalizi wa sherehe ya 2030, mtakapokuwa mkiandika barua za mwaliko, mojawapo na ielekezwe Njukini, kwa wazee wa Chala.