Njia ya Kwenda Ishango: Usafiri na Mambo ya Kale kati ya Butembo, Beni na Ziwa Edward

Utangulizi

Katika nchi kadhaa za ulimwengu, mahali pa kale palipo mbali na miji hufikiwa kwa basi. Mfano unaojulikana sana ni Machu Picchu, nchini Peru. Mji huo wa Wainka, uliojengwa katika karne ya 15, umo juu ya mgongo wa mlima, kiasi cha meta 2,400 kutoka usawa wa bahari. Barabara iliyofunguliwa mwaka 1948 hupanda kwa kupindapinda kutoka bonde la mto Urubamba, na mabasi hupanda na kushuka mchana kutwa. Mgeni hukata tikiti, huketi, na baada ya nusu saa hivi hushushwa karibu na lango.

Jambo hili huonekana kuwa dogo, na wanahistoria hawana kawaida ya kulitilia maanani. Hata hivyo, basi lina nafasi yake katika historia ya mahali pa kale. Palipo na usafiri wa bei nafuu, mwalimu huweza kuwapeleka wanafunzi wake na kuwarudisha jioni. Pasipo na usafiri huo, mahali hubaki mali ya wataalamu wachache, na wenyeji hupajua kwa kusimuliwa tu.

Makala haya yanachunguza suala hilo kwa kutazama Ishango, mahali pa kale maarufu kuliko pote katika Kivu ya Kaskazini, na njia zinazopaunganisha na miji ya Butembo na Beni. Hapa sura ya nchi ni kinyume cha ile ya Machu Picchu. Watu wanaishi mlimani, na mambo ya kale yako bondeni. Butembo iko zaidi ya meta 1,700 kutoka usawa wa bahari, ilhali Ishango iko ufukweni mwa Ziwa Edward, kiasi cha meta 900 tu, pale ambapo mto Semliki unatoka ziwani na kuanza safari yake kuelekea Ziwa Albert. Hoja ya makala haya ni kwamba kinachowatenga wenyeji na Ishango si umbali. Uhusiano wao na bonde hilo ulivunjwa na sheria za kikoloni kabla ya uchimbaji mkuu kufanyika, na tangu hapo barabara zimebeba vitu kutoka bondeni kuliko zilivyobeba watu kwenda kujifunza.

Njia za chumvi na za misafara

Kabla ya ukoloni, mlima na bonde vilitegemeana. Watu wa milima ya Mitumba, ambao leo hujulikana kama Wanande au Wayira, walilima kwenye miinuko yenye baridi na mvua ya kutosha, lakini chumvi yao nyingi ilitoka Katwe, upande wa kaskazini-mashariki wa Ziwa Edward, katika nchi ambayo sasa ni Uganda. Wachukuzi walishuka kutoka milimani, wakavuka uwanda wa Semliki, wakapata chumvi na kurudi nayo kwa biashara. Randall Packard, katika kitabu chake cha mwaka 1981 kuhusu Wabashu wa milima hiyo, ameonyesha jinsi maisha ya kisiasa ya mlimani yalivyofungamana na yale ya uwandani. Hivyo basi, njia ya kuelekea upande wa Ishango ilikuwapo zamani sana kabla ya gari la kwanza, na ilikuwa njia ya wenyeji wenyewe.

Wasemaji wa Kiswahili nao wana sehemu yao katika historia ya bonde hili. Mwaka 1889, msafara wa Henry Morton Stanley, uliokuwa ukirudi pwani pamoja na Emin Pasha, ulipita katika bonde la Semliki, chini ya milima ya Ruwenzori, hadi Ziwa Edward na Katwe. Idadi kubwa ya wachukuzi wa msafara huo walikuwa wameandikwa Unguja. Ni Stanley aliyelipa ziwa jina la mwana wa mfalme wa Uingereza, lakini walioibeba mizigo yake walikuwa Wangwana, na kutokana na jina hilo Kiswahili cha mashariki ya Kongo kikaja kuitwa Kingwana. Lugha hiyo, ambayo ilienea zaidi kwa biashara, utawala na shule, ndiyo inayosikika leo katika vituo vya magari vya Beni na Butembo sambamba na Kinande.

Mbuga na uchimbaji

Mabadiliko makubwa yalikuja katika miaka ya 1920 na 1930. Mwaka 1925 serikali ya Ubelgiji ilianzisha Mbuga ya Taifa ya Albert, na kufikia mwaka 1935 mipaka yake ilikuwa imepanuliwa hadi kulizunguka bonde la Semliki na upande wa magharibi wa Ruwenzori. Ugonjwa wa malale nao uliwapa watawala sababu ya kuwahamisha watu kutoka uwandani. Uwanda uliokuwa umepitwa na wachukuzi wa chumvi ukawa hifadhi ya wanyama na ya utafiti. Mwenyeji aliyeingia humo bila kibali alihesabiwa kuwa mkosaji, ilhali mtaalamu kutoka Ulaya alipewa kibali na wasaidizi.

Ni katika mazingira hayo ambamo Ishango iligunduliwa na elimu ya kisasa. Mwaka 1935 mwanabiolojia Hubert Damas, aliyekuwa akichunguza maziwa ya eneo hilo, alipata hapo dalili za kwanza za makazi ya kale. Mwaka 1950 mwanajiolojia Jean de Heinzelin de Braucourt alifanya uchimbaji mkuu. Chini ya tabaka lenye majivu ya volkano alikuta mifupa ya samaki na ya wanyama, mabaki ya binadamu, zana za mawe, na vyusa vya mfupa vyenye meno. Walioishi hapo walikuwa wavuvi.

Miongoni mwa vitu hivyo kulikuwa na mfupa mmoja mdogo, wenye urefu wa kiasi cha sentimeta 10, uliopachikwa kipande cha jiwe aina ya kwatsi kwenye ncha yake. Juu yake imechorwa mikato iliyopangwa kwa makundi katika safu tatu. Safu mbili zina jumla ya mikato 60 kila moja, na ya tatu ina 48. Katika mojawapo ya safu hizo makundi ni 11, 13, 17 na 19, yaani namba tasa zote zilizo kati ya 10 na 20. De Heinzelin aliona humo dalili za hesabu. Alexander Marshack, mwaka 1972, alipendekeza kwamba ni kumbukumbu ya siku za mwezi mwandamo. Wengine wameonya kuwa huenda mikato mingine ilikuwa ya kuuwezesha mkono kushika vizuri. Mwanzoni mfupa huo ulidhaniwa kuwa na umri mdogo zaidi, lakini uchunguzi wa baadaye umeusogeza hadi kiasi cha miaka 20,000 au zaidi.

Ishango si peke yake. Huko Katanda, kilometa chache kutoka hapo kwa kuufuata mto, watafiti wakiwamo Alison Brooks na John Yellen walipata vyusa vya mfupa pamoja na mifupa ya kambare wakubwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1995 yalivipa vyusa hivyo umri wa kiasi cha miaka 90,000. Umri huo umezua mjadala, kwa kuwa unaonyesha ufundi wa hali ya juu barani Afrika muda mrefu kabla ya vyusa vya namna hiyo kuonekana Ulaya.

Mfupa uliosafiri

Mfupa wa Ishango ulipelekwa Ubelgiji, na hadi leo umehifadhiwa Brussels katika makumbusho ya Taasisi ya Kifalme ya Sayansi za Asili. Umeandikwa katika vitabu vya historia ya hisabati katika lugha nyingi. Mwanafunzi wa Brussels huweza kuufikia kwa basi la mjini. Mwanafunzi wa Butembo huuona katika picha. Waswahili husema, aisifuye mvua imemnyea. Lakini wanafunzi wa Kivu wanatakiwa kuisifu mvua iliyowanyea watu wengine.

Hapa mfano wa Peru una manufaa tena. Vitu vilivyochimbwa Machu Picchu na msafara wa Hiram Bingham kuanzia mwaka 1912 vilipelekwa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Baada ya madai ya muda mrefu, makubaliano yalifikiwa mwaka 2010, na vitu vikarudishwa kati ya mwaka 2011 na 2012. Havikuishia Lima, mji mkuu. Vilipelekwa Cusco, mji ulio karibu na mahali vilipotoka, chini ya uangalizi wa chuo kikuu cha huko. Hivyo anayepanda basi kwenda mlimani anaweza pia kuviona vitu vyenyewe katika eneo lilelile.

Kwa upande wa Kongo, Bunge la Ubelgiji lilipitisha mwaka 2022 sheria inayofungua njia ya kurudisha mali zilizochukuliwa wakati wa ukoloni, na Kinshasa imekuwa na Makumbusho mapya ya Taifa tangu mwaka 2019. Lakini Kinshasa iko upande wa pili wa nchi, na mtu wa Butembo hufika huko kwa ndege. Mfupa ukihamishwa kutoka Brussels hadi Kinshasa, haki ya taifa itakuwa imetimizwa, ila haja ya mwanafunzi wa Beni itabaki palepale.

Barabara ya leo

Kutoka Butembo hadi Beni ni kilometa 54. Kutoka Beni hadi Kasindi, mpakani mwa Uganda, ni kilometa 80 hivi, na barabara hiyo hukata mbuga na kuvuka Semliki. Mahali pengine safari ya namna hii ingekuwa matembezi ya siku moja. Juni 2021 marais wa Kongo na Uganda walizindua mradi wa kutengeneza barabara hizo mbili, na sababu iliyotajwa ilikuwa biashara na usalama.

Usalama ndio uliokosekana. Tangu Oktoba 2014 wilaya ya Beni imeshuhudia mauaji ya raia yasiyo na idadi ndogo, na magari yameshambuliwa katika barabara ya Kasindi. Mbuga yenyewe, iliyobadilishwa jina na kuitwa Virunga mwaka 1969, ilitiwa mwaka 1994 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia ulio hatarini, na askari wake wengi wameuawa wakiwa kazini. Katika hali hiyo hakuna haki ya kumlaumu mwalimu asiyewapeleka wanafunzi wake Ishango. Mwalimu huyo ana dhamana ya maisha yao.

Hata hivyo, magari hayajaacha kwenda ziwani. Karibu na Ishango kuna kijiji cha wavuvi cha Kyavinyonge, na samaki wake huuzwa katika masoko ya Butembo na Beni. Asiye na gari lake mwenyewe hupata nafasi kwenye gari la mizigo, au hupanda pikipiki. Kwa maneno mengine, njia ya zamani ya mlima na bonde haijafa. Kilichopanda mlimani hapo kale kilikuwa chumvi, na leo ni samaki. Wachuuzi wanaoketi juu ya makapu ya samaki wanatoka kwenye ufuko uleule ambako watu walivua kwa vyusa vya mfupa miaka 20,000 iliyopita, na wengi wao hawajapewa nafasi ya kulijua jambo hilo.

Hitimisho

Historia iliyoelezwa hapa inaonyesha kwamba barabara peke yake haitoshi. Wakoloni walikuwa na barabara, na waliitumia kuuondoa mfupa. Barabara inayotengenezwa sasa inaweza nayo kubeba saruji, mbao na samaki tu. Ili ibebe elimu, mambo matatu yanahitajika: amani, kibali cha mbuga kinachomtambua mwanafunzi wa karibu kama kinavyomtambua mtafiti wa mbali, na mahali huko Beni au Butembo ambapo vitu vya Ishango, au walau nakala zake nzuri, vinaweza kuonekana na kuelezwa kwa Kiswahili na Kinande.

Jambo la tatu linaweza kuanza kabla ya yale mawili ya kwanza. Butembo kuna Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, kilichoanzishwa mwaka 1989, na neno Graben ni jina ambalo wanajiolojia wamelipa Bonde la Ufa lenyewe. Chuo kilichojiita kwa jina la bonde kina sababu ya kuwa mlango wa kuliingilia. Nakala ya mfupa mmoja wa sentimeta 10 haihitaji lori wala basi. Itakapowekwa mezani mbele ya wanafunzi, wakaihesabu mikato 60, 60 na 48 kwa vidole vyao wenyewe, swali la nani atawapeleka Ishango litaulizwa na wao, na halitaachiwa wageni kulijibu.