Programu Mpya, Mashine ya Zamani: Historia ya Lawama ya Wanunuzi wa Kompyuta, 1964–2025

Mnunuzi wa programu za kompyuta ana lawama moja iliyodumu kwa zaidi ya nusu karne. Kiini cha lawama hiyo si ubovu wa programu, wala si bei yake. Mtu ana mashine nzima, haijaharibika, kila asubuhi huiwasha ikamtii. Lakini programu aliyoinunua hukataa kuingia humo, kwa kuwa yahitaji mfumo endeshi wa toleo la baadaye. Mfumo huo nao wadai kumbukumbu pana kuliko iliyomo, na mashine ya zamani haina nafasi ya kuiongeza. Hivyo aliyetoka nyumbani kununua kitu kimoja huambiwa anunue vitatu. Makala haya yanaifuata historia ya lawama hiyo pamoja na swali lililojificha ndani yake: ni nani aamuaye kwamba chombo kimekuwa cha kale?

Hapana budi kwanza kueleza mfumo endeshi ni nini. Ndiyo programu inayoamka mashine inapowashwa. Hugawa kumbukumbu, hupokea herufi zinazobonyezwa, husoma na kuandika katika diski. Programu nyingine, kama ya kuandikia barua au ya kupigia hesabu, huomba karibu kila kitu kwake. Zikiomba huduma isiyojulikana na mfumo huo, hukwama. Kwa hiyo mtunzi wa programu anapotumia huduma zilizomo katika mfumo mpya peke yake, amekwisha wafungia mlango wote walio na mfumo wa zamani, hata kama hakuwakusudia. (Istilahi za fani hii zenyewe bado hazijatulia: wako wasemao kompyuta, wako walioshika tarakilishi, na wachache wakumbukao ngamizi, katika miji ya Kongo neno la Kifaransa ndilo litokalo kwanza kinywani.)

Kabla ya mwaka 1964 shida ilikuwa nzito zaidi. Kampuni ya IBM ya Marekani, iliyotawala biashara ya kompyuta wakati huo, ilikuwa na jamaa kadhaa za mashine zisizoelewana. Ofisi iliyokuwa na mashine ya 1401, ikitaka kuhamia aina kubwa zaidi, ilipaswa kuziandika upya programu zake, kazi ndefu na ya gharama kubwa. Tarehe 7 Aprili 1964 IBM ilitangaza System/360, jamaa moja ya mashine ndogo kwa kubwa, zote zikifuata amri zile zile. Hata wenye 1401 hawakusahauliwa, kwani baadhi ya mashine mpya ziliundwa ziweze kuuiga mwenendo wake, ili programu za zamani zisitupwe.

Aghalabu tukio hilo husimuliwa kama mwisho wa tatizo. Kwa hakika ndipo tatizo lilipovaa sura iliyo nayo leo. Ahadi ya 1964 ilielekea upande mmoja: mashine mpya itaipokea programu ya zamani. Haikusemwa kwamba mashine ya zamani itaipokea programu mpya. Na IBM yenyewe ilikuwa ya kwanza kunaswa. Mfumo endeshi uliokusudiwa kwa jamaa nzima, OS/360, ambao utengenezaji wake uliongozwa na Fred Brooks, ulichelewa. Nao ulipokuja ulikuwa mpana mno kwa mashine ndogo. Kampuni ikalazimika kutoa mfumo mwingine mwepesi, DOS/360, kwa ajili ya wateja wenye kumbukumbu haba. Mara hiyo mtengenezaji ndiye aliyemfuata mteja. Sababu haikuwa huruma: wateja wengi walikodi mashine zao na kulipa kila mwezi, na mpangaji asiyeridhika huhama. Programu nazo zilikuwamo ndani ya kodi, mpaka Juni 1969 IBM ilipotangaza kwamba itaanza kuziuza mbali na mashine.

Mizani iligeuka kompyuta ilipokuwa mali ya mtu binafsi, kwa maana aliyekwisha nunua hana pa kuhamia. Hasara ya uchakavu ni yake. IBM PC ilitoka Agosti 1981. Machi 1983 ikafuatwa na PC XT yenye diski ngumu ya megabaiti 10, pamoja na toleo la 2.0 la DOS, lililojua kupanga faili ndani ya saraka. Makasha ya programu yakaanza kubeba onyo fupi kwamba yaliyomo yahitaji DOS 2.0 au ya baadaye. Lawama za siku zile zilikuwa nyepesi: mfumo mpya ulikuja katika disketi, na aghalabu mashine ile ile iliubeba. Mteja alinung'unika, akalipa, akaendelea na kazi.

Windows 95 ndiyo iliyowamaliza watu subira. Ilianza kuuzwa tarehe 24 Agosti 1995, na katika nchi kadhaa maduka yalifunguliwa usiku wa manane kwa ajili yake. Tangazo rasmi lilisema kwamba prosesa ya aina ya 386DX na megabaiti 4 za kumbukumbu zatosha. Waliojaribu waligundua kwamba kwa megabaiti 4 mashine ilikokota kama mgonjwa, na kwamba kazi ya kweli ilianzia megabaiti 8. Mwaka huo kumbukumbu iliuzwa kwa zaidi ya dola 30 kila megabaiti, kiasi kwamba nyongeza hiyo ilizidi bei ya mfumo wenyewe. Siku hiyo hiyo Microsoft ilitoa Office 95, mkusanyiko wa programu za ofisi, ambao haukuweza kuingia katika Windows 3.1 iliyokuwa imeenea maofisini. Ulitaka Windows 95 au Windows NT.

Hata hivyo mtu aliweza kukataa. Mwenye Windows 3.1 na Word 6.0 aliweza kubaki na vyombo vyake, kwa sababu Word ya 1995 iliandika hati kwa muundo ule ule wa Word 6.0. Wa kale na wa kisasa walipeana disketi, kila mmoja akaisoma ya mwenzake. Tofauti ya mashine ilikuwa jambo la nyumbani kwa mtu.

Uhuru huo uliondoshwa Januari 1997, Office 97 ilipoanza kuuzwa. Word ya mwaka huo ilibadili muundo wa hati zake, na Word 6.0 haikuweza kuzisoma. Jina la faili lilibaki na herufi zile zile tatu za mwisho, kwa hiyo mpokeaji hakupata dalili yoyote. Alifungua barua akakuta alama zisizosomeka, akadhani disketi imeharibika. Palikuwapo njia ya kuhifadhi hati kwa ajili ya wenye matoleo ya awali, lakini nayo ilikuwa na kasoro ya kuchekesha kama isingaliudhi. Aliyechagua kuhifadhi kwa muundo wa Word 6.0 au 95 hakupata muundo huo. Alipata muundo mwingine uitwao RTF, uliovishwa jina la faili ya Word. Hati yenye picha ilivimba mara nyingi kuliko ukubwa wake. Wateja walilalamika kwa sauti kubwa, hasa kampuni zenye wafanyakazi wengi, na baadaye katika mwaka huo huo Microsoft ilitoa kigeuzi kilichoandika muundo halisi wa zamani.

Tukio hilo lafaa kuangaliwa kwa makini kuliko shamrashamra za 1995, kwani ndilo lililojibu swali la nani aamuaye. Mtengenezaji hakuweza kumwamuru mwenye Windows 3.1 aiache. Mwenyewe hakuwa na sababu ya kuiacha. Aliyemlazimisha ni jirani: mkubwa wa ofisi, mchapishaji, mwalimu wa chuo kingine, ambaye alikwisha nunua kompyuta mpya yenye Word 97 ndani yake na ambaye barua zake hazikuweza kupuuzwa. Kila aliyenunua alimsukuma aliye nyuma yake bila kujua. Na kwa kuwa Office 97 nayo ilidai Windows 95 au NT, barua moja iliyotumwa kwa nia njema ilikuwa ni hati ya madai ya programu mpya, mfumo mpya, na pengine mashine mpya.

Haki itendeke kwa watengenezaji pia. Windows 95 iliruhusu majina marefu ya faili, na iliziwezesha programu kutumia prosesa kwa upana ambao Windows 3.1 haikuufikia ila kwa viraka. Kuandika programu moja kwa mifumo miwili ni kuijaribu mara mbili na kuitengeneza mara mbili inapoharibika. Lakini hoja ya ufundi haikuwa ya kweli kila mara. Mwaka 2007 mchezo wa Halo 2 uliuzwa kwa kompyuta zenye Windows Vista peke yake, ilhali ulikuwa umechezwa tangu 2004 katika mashine ya Xbox, ambayo ni dhaifu kuliko kompyuta nyingi za wakati huo. Haukupita muda mrefu, wajuzi wasio na uhusiano na kampuni waliufanya uchezeke katika Windows XP. Kizuizi kile, basi, kilikuwa cha kibiashara.

Windows XP yenyewe, iliyotoka tarehe 25 Oktoba 2001, ndiyo iliyoonyesha jinsi watu wanavyoweza kukataa kuondoka. Programu ziliiacha moja baada ya nyingine: Internet Explorer 9 mwaka 2011, Office 2013 baadaye. Msaada wa Microsoft ulikoma tarehe 8 Aprili 2014, na hata serikali hazikuwa tayari. Serikali ya Uingereza ililipa takriban pauni milioni 5.5 ili kompyuta zake za XP ziendelee kupewa marekebisho ya usalama kwa mwaka mmoja zaidi. Mfumo mkongwe zaidi ulijitokeza Ufaransa. Mnamo Novemba 2015, uwanja wa ndege wa Orly ulisimamisha safari kwa muda kwa sababu chombo kinachowapa marubani habari za hali ya hewa kiliharibika. Ikagunduliwa kwamba chombo hicho kiliendeshwa na Windows 3.1, ambayo msaada wake ulikuwa umekoma tangu mwisho wa mwaka 2001.

Lugha ya Kiswahili nayo iliingia katika historia hii kwa njia mbili zisizofanana. Katika miaka ya kwanza ya karne hii Microsoft iliitayarishia Windows XP menyu na ujumbe wa Kiswahili. Lilikuwa jambo la heshima kwa lugha. Lakini kifurushi hicho kilifungwa kwenye XP, na mwenye mashine isiyoweza kuubeba mfumo huo aliendelea kusoma Kiingereza. Upande wa pili, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi ulioitwa Kilinux, kilitoa mwishoni mwa mwaka 2004 programu za ofisi kwa jina la Jambo OpenOffice. Msingi wake ulikuwa OpenOffice, programu isiyouzwa, ambayo wakati huo iliweza kuingia katika Windows 98 na katika Linux. Kwa kipimo cha fasaha za tafsiri pengine wataalamu watabishana. Kwa kipimo cha makala haya, kazi ya Dar es Salaam ilimwendea msomaji kwenye mashine aliyo nayo, ile nyingine ilimngoja kwenye mashine atakayonunua. Tofauti hiyo haikupewa uzito unaostahili katika mijadala ya istilahi, iliyoshughulika zaidi na kama neno fulani litokane na Kiarabu au Kibantu.

Hatua kubwa ya karibuni ilianza tarehe 5 Oktoba 2021, Windows 11 ilipotolewa. Mara hii hata kumbukumbu haikuwa hoja. Mfumo huo ulidai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 pamoja na prosesa kutoka katika orodha iliyochapishwa. Kwa zile za Intel, orodha hiyo kwa jumla ilianzia kizazi cha nane, kilichotoka mwaka 2017. Mashine iliyonunuliwa miaka mitano tu nyuma, yenye nguvu tele, ilikataliwa kwa kutokuwamo katika orodha. Mwishoni mwa mwaka 2023 kampuni ya utafiti ya Canalys ilikadiria kwamba kompyuta zipatazo milioni 240 zingeweza kuishia jalalani msaada wa Windows 10 utakapokoma.

Msaada huo ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa watu binafsi Microsoft ilitangaza mwaka mmoja wa marekebisho ya ziada, kwa malipo ya dola 30, au pointi 1,000 za mpango wake wa zawadi, au kwa kukubali mipangilio ya mashine ihifadhiwe katika hazina ya kampuni. Vyama vya kutetea wanunuzi katika Ulaya vilipinga masharti hayo, na Septemba 2025 kampuni iliyalegeza kwa wakazi wa Eneo la Kiuchumi la Ulaya: hao wangepata mwaka huo bila malipo. Masharti ya awali yalibaki kwa wengine. Basi mwenye kompyuta mjini Brussels alisamehewa dola 30, kwa kuwa alikuwa na chama cha kumsemea. Na mashine ile ile, ikiuzwa baada ya kutumika na kusafirishwa hadi Afrika, humfikia mnunuzi wa pili ambaye hakuwamo katika mazungumzo hayo, naye ndiye atakayeitumia kwa miaka mingi zaidi.